Gurudumu na Vitafunwa vya Kalunguyeye: Kwa Nini Rafu ya Hamsta Haimfai

Ukiingia kwenye duka la wanyama wa nyumbani Minneapolis, London au Berlin ukaulizia vifaa vya kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba anayejikunja kama mpira, aghalabu utaelekezwa kwenye rafu ya hamsta, mgugunaji mdogo wa kufugwa. Hapo utakuta gurudumu la nyaya lenye kipenyo cha sentimita 15 au 20, na pembeni yake pakiti ya mbegu za alizeti, karanga na matunda makavu. Vyote viwili havimfai kalunguyeye, na sababu ni moja. Vimetengenezwa kwa ajili ya mgugunaji, mnyama wa jamii ya panya, ambaye meno yake hayaachi kukua na ambaye tumbo lake limezoea mbegu. Kalunguyeye si mgugunaji, na wala si nungunungu mdogo kama wengi wanavyodhani. Ni mla wadudu. Meno yake yakishaota hayakui tena, na miguu yake mifupi haikuumbwa kukanyaga vijiti vya waya.

Mnyama huyu ni wa kwetu, ndiyo maana naona ni muhimu kuandika habari zake kwa Kiswahili. Kalunguyeye anayefugwa majumbani Marekani na Ulaya anatokana na wale wa Afrika, hasa Atelerix albiventris, anayepatikana katika nyika na mashamba kuanzia Senegal hadi Somalia, akashuka kupitia Uganda, Kenya na Tanzania hadi upande wa Zambezi. Marekani ilizuia kuwaingiza kutoka huku mwaka 1991 kwa kuhofia ugonjwa wa miguu na midomo, ule unaoshambulia ng'ombe. Waliokuwa wameshaingia wakazaliana, na wa leo ni vizazi vya vizimbani. Hata hivyo mwili wao bado ni ule ule wa nyikani: gramu 300 hadi 600 hivi, macho hafifu, pua kali, na desturi ya kulala mchana kutwa na kuamka giza likiingia.

Sasa mfikirie huyo wa nyikani usiku mmoja. Anatoka shimoni na kuanza kunusa. Hapa anapata mchwa wachache, pale mbawakawa, hatua nyingi mbele anakuta jongoo, kisha nyungunyungu kama mvua imenyesha. Hakuna mahali anapokuta chakula kimerundikwa. Kila kitonge kina mwendo wake, na hadi alfajiri anaweza kuwa ametembea kilomita kadhaa. Kizimbani mambo yamegeuka. Sahani imejaa, nayo iko hatua chache kutoka anapolala. Mwendo umeondolewa, chakula kimebaki. Gurudumu lipo ili kurudisha mwendo ule, na vitafunwa vizuri vipo ili kurudisha wale wadudu. Ukilielewa hilo, maswali mengi ya dukani yanajijibu.

Je, gurudumu ni la lazima kweli?

Wapo wanaoliona gurudumu kama dalili ya mateso: mnyama kafungiwa, kachanganyikiwa, anazunguka bila kwenda popote. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini mwaka 2014 Johanna Meijer na Yuri Robbers wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walichapisha katika jarida la Proceedings of the Royal Society B matokeo ya jaribio rahisi mno. Waliweka magurudumu nje, moja eneo la mjini lenye majani na jingine kwenye vilima vya mchanga, wakatega kamera. Panya wa porini, ambao hawakufungwa na mtu, walikuja wenyewe wakapanda na kukimbia, wakashuka, wakarudi tena. Hata vyura na konokono wasio na gamba walionekana humo. Jaribio halikumhusu kalunguyeye, lakini linatuonyesha kwamba kukimbia juu ya gurudumu si lazima kutokane na wazimu wa kizimbani.

Kwa kalunguyeye mimi nasema ni lazima, isipokuwa una chumba kizima unachoweza kumwachia usiku kucha, kila usiku. Asiye na gurudumu hunenepa, hulegea misuli ya nyuma, na wengine huanza kupanda kuta za kizimba au kuzunguka njia moja ile ile hadi sakafu inachubuka.

Ukubwa wake ndiyo mahali watu wengi wanakosea, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua mnyama mwenye urefu wa sentimita 18 kutoka pua hadi mkia. Mweke ndani ya duara la kipenyo cha sentimita 20. Ukivuta mstari mnyoofu kutoka puani hadi mkiani, sakafu ya gurudumu katikati yake itakuwa chini ya mstari huo kwa zaidi ya sentimita 5.5. Katika duara la sentimita 30, pengo hilo hushuka hadi sentimita 3. Maana yake ni kwamba kwenye gurudumu dogo mnyama hukimbia kichwa kikiwa kimeinuliwa na kiuno kimenyanyuka, mgongo umepinda kuelekea upande usio wake. Kalunguyeye hujikunja mbele, ndiyo silaha yake. Kupindishwa nyuma kwa saa nyingi kila usiku hakukuwa katika mpango wa uti wake wa mgongo.

Kwa hiyo sentimita 25 ndiyo kiwango cha chini kabisa, tena kwa mnyama mdogo. Sentimita 28 hadi 30 ndiyo ninayomshauri kila mtu. Upana wa njia uwe walau sentimita 10, ili asikwaruze miiba ukutani.

Kisha angalia sakafu ya gurudumu. Iwe nzima, isiyo na matundu, isiyo na vijiti. Gurudumu la waya linaweza kumvunja mguu au kumng'oa kucha, kwa sababu wayo wake ni mdogo na hupenya kati ya nyaya huku gurudumu likiendelea kuzunguka. Hata lile la plastiki lenye sakafu nzima linahitaji kukaguliwa kwa kidole. Duara la kipenyo cha sentimita 30 lina mzingo wa sentimita 94 hivi. Akikimbia kilomita 5, ambazo si ajabu kwake, atakuwa amelizungusha zaidi ya mara 5,300. Kama mahali vipande viwili vya plastiki vinapoungana pana ufa mwembamba au ukingo mkali, kila mzunguko unampitisha juu yake. Kitu ambacho kidole chako kinakihisi kama mkwaruzo mdogo, usiku mmoja kinatosha kumtoa damu.

Vijiti vinavyopita katikati ya gurudumu kushika ekseli navyo ni hatari, kwani anaposhuka ghafla gurudumu likiwa bado na kasi, kijiti humpiga kichwani. Chagua lililoshikwa kwa nyuma tu, upande wa mbele ukiwa wazi kabisa. Watu wengi Marekani hutengeneza yao wenyewe kwa kukata ndoo pana ya plastiki na kuifunga kwenye stendi ya mabomba, na chini wakaweka trei ya kudaka uchafu. Likitengenezwa kwa uangalifu hushinda mengi ya dukani.

Kuna aina nyingine mbili zinazouzwa sana. Ya kwanza ni sahani iliyoinamishwa, inayozunguka kama kisosi kikubwa. Mgongo haupindi nyuma hapo, hilo ni kweli, lakini mnyama hukimbia siku zote akiwa amekunjia upande mmoja, na akisita anarushwa nje. Kwa mnyama mzito kama kalunguyeye siipendekezi. Ya pili ni mpira wa plastiki ambao mnyama hufungiwa ndani, ukawa unabiringika sebuleni. Huu naukataa moja kwa moja. Kalunguyeye hujisaidia anapokimbia, na ndani ya mpira hana pa kukwepa uchafu wake. Kucha hunasa kwenye matundu ya hewa. Zaidi ya yote, yeye huifahamu dunia kwa pua, na mpira unamtenga na kila harufu ya mahali anapopita. Hawezi kusimama akanusa, hawezi kujificha akiogopa, na wala hawezi kutoka akichoka.

Hilo la kujisaidia akikimbia linaamua pia gurudumu liwe la kitu gani. La mbao linapendeza machoni, lakini hunywa mkojo, na baada ya wiki chache harufu haitoki tena. Plastiki laini inaoshwa kwa dakika mbili. Na itabidi uioshe kila siku, kwa sababu kila asubuhi utaikuta imepakwa kinyesi, na miguu yake imevaa kinyesi hicho hicho. Usiioshee kwenye sinki la jikoni. Kalunguyeye anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila yeye mwenyewe kuumwa, na shirika la afya ya umma la Marekani, CDC, limefuatilia milipuko kadhaa iliyohusishwa na kalunguyeye wa kufugwa, ukiwemo wa mwaka 2019. Beseni lake liwe lake, na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumshika, hasa ya watoto.

Kelele ni suala ambalo nalichukulia kwa uzito kuliko wauzaji wanavyolichukua. Gurudumu linalopiga kelele saa saba za usiku katika nyumba ya chumba kimoja huishia kuondolewa kizimbani "kwa usiku huu tu", na usiku huo ndio mchana wake. Tafuta lenye beringi nzuri, msingi wake uwe mzito usiotikisika, na mahali pake pawe mbali na kitanda chako. Kumbuka pia kwamba anataka giza. Wengi hawapandi gurudumu taa ikiwa inawaka, na mwenye nyumba akaamini kwamba mnyama halipendi.

Jambo moja zaidi kabla hatujaacha miguu. Mdogo anayepewa gurudumu kwa mara ya kwanza anaweza kukimbia kupita kiasi hadi nyayo zichubuke na kuvuja damu. Ukiona madoa mekundu asubuhi, mwoshe miguu kwa maji ya vuguvugu, ondoa gurudumu kwa usiku mmoja au mbili, kagua sakafu yake, na utazame kucha. Kucha ndefu hujikunja na kumchoma yeye mwenyewe.

Mbio hazifuti vitafunwa

Hapa ndipo kalunguyeye wengi wanapopotea wakiwa mikononi mwa watu wanaowapenda. Mwenye nyumba anasema: anakimbia usiku kucha, basi acha ale. Hesabu inakataa.

Kalunguyeye wa kufugwa huhitaji takriban kilokalori 70 hadi 100 kwa siku. Wanafiziolojia wana kanuni ya kukadiria nguvu ambayo mamalia hutumia kukimbia kulingana na uzito wake. Ukiitumia kwa mnyama wa gramu 400, kilomita 5 zinagharimu kama kilokalori 7 tu. Ni makadirio, lakini yanaonyesha ukubwa wa jambo. Sasa chukua viwavi vya nondo wa nta, wale wale wanaowaharibia warina asali mizinga yao. Vinauzwa kwenye vikopo kama kitafunwa cha kalunguyeye, na kila kiwavi kina karibu kilokalori 0.9. Viwavi vinane vinafidia usiku mzima wa mbio. Mnyama anavimaliza kwa dakika mbili na kuinua pua kuomba vingine.

Hii haina maana kwamba gurudumu halina kazi. Kilokalori 7 kila usiku, mwaka mzima, si kitu kidogo kwa mwili wa gramu 400. Lakini gurudumu kazi yake kubwa ni misuli, tumbo na utulivu wa akili. Uzito unaamuliwa kwenye sahani.

Kwenye sahani, chakula kikuu kwa walio wengi ni punje kavu, ama zilizotengenezwa kwa ajili ya kalunguyeye, ama chakula cha paka chenye protini asilimia 30 hivi na mafuta yasiyozidi asilimia 15. Kijiko kimoja hadi viwili vikubwa kwa siku humtosha. Vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anayopata. Ndani ya sehemu hiyo ndogo, mambo mawili yanaamua kipi ni kizuri: mafuta, na uwiano wa kalisi (kalsiamu) na fosforasi, madini mawili ya mifupa.

Tuanze na mafuta. Viwavi vya nondo wa nta, kabla ya kukaushwa, robo nzima ya uzito wao ni mafuta. Mabuu ya mbawakawa wa unga, wale wembamba wa rangi ya dhahabu ambao wengi huwaita funza wa unga, wana asilimia 13 hivi. Nyenje ana asilimia 7 au chini kidogo, na protini asilimia 20. Wanaotoka Kagera au Uganda wanaokula senene wanajua bila kufundishwa kwamba wadudu hawalingani kwa unono. Senene hukaangika kwa mafuta yake mwenyewe, na nyenje hawezi hilo. Kwa kalunguyeye tofauti hiyo inagusa ini. Mnyama huyu akinenepa, mafuta hujazana kwenye ini lake, na akigoma kula hata kwa siku chache kwa sababu ya kuugua au kuhamishwa nyumba, ini hilo linaweza kushindwa kazi. Hii ndiyo sababu mnene wao yuko hatarini hata anapoonekana mzima.

Kalisi ndiyo inayosahaulika zaidi. Mifupa hutaka kalisi iwe sawa na fosforasi au kuizidi kidogo. Wadudu hawana mifupa, kwa hiyo wengi wao hawana kalisi ya kutosha. Katika funza wa unga fosforasi inazidi kalisi kama mara 17. Katika nyenje, mara 7. Fosforasi ikizidi namna hiyo siku baada ya siku, mwili huvuta kalisi kutoka kwenye mifupa ili kusawazisha damu, na mifupa inalainika. Mnyama mwenye mifupa laini ukimpandisha juu ya gurudumu anavunjika. Wauguzi wa wanyama Uingereza wameliona hili kwa kalunguyeye wa porini wa Ulaya wanaowekewa funza wakavu, karanga na mbegu za alizeti bustanini na watu wema. Kalunguyeye hao hufikishwa kwenye vituo vya matibabu wakiburuta miguu.

Mdudu anayevunja desturi hii ni buu la nzi askari mweusi. Kalisi yake inazidi fosforasi zaidi ya mara mbili, kwa sababu ngozi yake hutengeneza chokaa. Ni buu yule yule anayezalishwa kwa taka za jikoni na sokoni kulisha kuku na samaki, na ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, Nairobi, wamemfanyia utafiti kwa miaka mingi. Ughaibuni huuzwa madukani kwa majina ya kibiashara mbalimbali, kwa ajili ya mijusi na kalunguyeye. Kama ningeambiwa nichague kitafunwa kimoja tu, ningechagua hiki. Mafuta yake ni karibu sawa na ya funza wa unga, kwa hiyo naye hupimwa, lakini hamwibii mnyama mifupa.

Funza wa unga si sumu. Watatu au wanne, mara chache kwa juma, ni sawa kabisa, na kumtazama kalunguyeye akiwasaka ni furaha. Ukiwapata hai, walishe wao kwanza kwa siku moja au mbili majani mabichi na chakula chenye kalisi, kwa sababu kilichomo tumboni mwao ndicho kitakachomfikia mnyama wako. Ogopa zaidi wale wakavu. Funza mbichi ana maji asilimia 60 hivi. Akikaushwa, mafuta yanafikia theluthi moja ya uzito, na mtu anamwaga kiganja kizima akidhani ni vichache kwa sababu ni vyepesi. Wakavu pia huweza kumfunga choo asiyekunywa maji ya kutosha. Na wadudu wa bustanini au wa ukutani usimpe, maana hujui wamepuliziwa dawa gani wala wamebeba minyoo gani.

Nje ya wadudu, kipande kidogo cha yai la kuchemsha lisilo na chumvi ni kitafunwa kizuri. Vivyo hivyo kuku aliyechemshwa bila viungo, akachambuliwa nyuzi ndogo. Boga na kiazi kitamu vilivyopikwa na kupondwa huwasaidia wenye choo kigumu. Papai au tikiti maji, kipande cha ukubwa wa ukucha wako, mara moja moja. Ndizi ina sukari nyingi na inanata menoni, na meno ya kalunguyeye huoza na fizi zake huugua haraka, kwa hiyo mimi siiweki kwenye orodha ya kila juma.

Karanga, korosho na mbegu usimpe kabisa. Kipande kigumu chenye umbo la nusu karanga hukwama kwenye kaakaa lake, kati ya meno ya juu pande mbili, na mnyama hawezi kukitoa. Karoti mbichi hukwama vile vile. Zabibu, za kawaida na kavu, chokoleti, parachichi, vitunguu vya aina zote na vyakula vya chumvi viwekwe mbali naye. Maziwa yanampa kuhara, kwani tumbo la aliyekua halisagi sukari ya maziwa. Sahani ya maziwa ambayo watu wamezoea kumwekea ni ukarimu unaomuumiza.

Ukimpa kitu kipya usishtuke akianza vitimbi. Huenda akakitafuna hadi kikawa povu mdomoni, akajipinda ajabu, na kulipaka povu hilo kwenye miiba yake kwa ulimi. Wengi hukimbilia kwa daktari wakidhani ni sumu au kichaa. Ni tabia yake ya kawaida anapokutana na harufu ngeni, na huisha yenyewe.

Mizani ya jikoni, na siku gurudumu linaposimama

Hakuna namba moja ya uzito inayowafaa wote, kwa kuwa kuna wenye maumbile ya gramu 300 na wenye 600, wote wakiwa wazima. Kinachosema kweli ni mabadiliko. Mpime kila juma kwenye mizani ya gramu, siku ile ile, na uandike. Kisha mtazame akijikunja. Mwenye afya hufunga kabisa, miiba pande zote, uso na miguu vimezama ndani. Aliyenenepa hushindwa kufunga. Utaona vifundo vya mafuta kwapani, na tumbo linabaki wazi. Kwa mnyama ambaye kinga yake yote ni kujifunga, huo ni ulemavu. Ukimwona hivyo, punguza vitafunwa vyenye mafuta kwanza, kabla ya kugusa chakula kikuu, na usimnyime chakula ghafla kwa sababu ya ile hatari ya ini niliyoitaja.

Gurudumu nalo linakupa habari. Kalunguyeye aliyekuwa akikimbia kila usiku akaacha, anakuambia kitu. Sababu ya kwanza ya kuitazama ni baridi. Huyu ni mnyama wa joto, anataka nyuzi 24 hadi 28 hivi za selsiasi. Chumba kikishuka chini ya 20, kama inavyotokea kirahisi Minnesota au Ujerumani wakati wa kipupwe, mwili wake huanza kuzima. Anakuwa wa baridi tumboni, anayumba, anakataa kula. Kalunguyeye wa Ulaya hulala majira yote ya baridi na kuamka salama kwa sababu ameumbwa hivyo. Huyu wa kwetu akizimika namna hiyo anaweza asiamke. Mpashe joto polepole kifuani pako chini ya nguo, au kwa chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa, kisha mpigie daktari wa wanyama.

Kama kuna joto la kutosha na bado anayumba, huenda ni ugonjwa mzito zaidi. Upo ugonjwa wa mfumo wa fahamu unaowapata kalunguyeye wa kufugwa, mara nyingi wakiwa na miaka 2 hivi, unaoanza kwa miguu ya nyuma kulegea na kuendelea kupanda mwilini. Inakadiriwa kwamba huwapata kama mmoja kati ya kumi wa Marekani ya Kaskazini. Hauna tiba. Lakini jeraha la mgongo, uvimbe, jino bovu na mifupa laini vyote vinaweza kumshusha kwenye gurudumu vile vile, na baadhi ya hivyo vinatibika. Kwa hiyo asihukumiwe kwa kutazamwa tu sebuleni. Aende kwa daktari anayewajua wanyama wadogo.

Kwa walioko nyumbani

Kabla ya kununua gurudumu, hakikisha sheria ya unapoishi inakuruhusu kumfuga. California, Hawaii, Georgia na Pennsylvania zinakataza, na Jiji la New York pia. Nchini Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, zinamhesabu kalunguyeye wa porini kuwa mnyamapori. Kumwokota bustanini na kumweka kwenye boksi bila kibali ni kosa, hata ukimnunulia gurudumu la sentimita 30.

Akikutembelea uani Arusha, Nakuru au Dodoma baada ya mvua za kwanza, tayari ana kila alichokikosa mwenzake wa Minneapolis. Unachoweza kumfanyia ni kuweka kisahani kifupi cha maji wakati wa kiangazi, kumfungia mbwa usiku, na kuacha kumwaga dawa za wadudu na za konokono kwenye bustani, kwa sababu yeye huwala wadudu waliokufa nayo. Kabla ya kuchoma rundo la majani makavu, lipekue kwa mti. Mchana ndimo analala.